Wapinzani wa Kabula

Mwadui, Jumapili, mwezi wa saba, 1975

Upepo wa leo ni wa vumbi na baridi, midomo imenipasuka. Naandika mistari ikienda kombo, na wala si uzee. Mwandiko wangu mwalimu wa elimu ya watu wazima aliusifu mbele ya darasa zima. Hii ni hofu. Imenikaa tangu mchana na mpaka sasa haijatoka.

Mimi ni manju. Nimeongoza ngoma tangu sijaota ndevu, na nyimbo nilizotunga watu bado wanazilimia mashambani, hata kama wamesahau aliyezitunga. Kuanzia Samuye mpaka huku hakuna aliyewahi kuninyang'anya watazamaji. Maana ngoma yetu Wasukuma ni ya kushindana. Kundi moja huku, jingine kule, uwanja mmoja. Watu wanakwenda kwa anayewavuta. Ukiona wanakupa mgongo, umekwisha.

Simwogopi mtu. Leo niliogopa.

Binti yangu Kabula aliimba kwenye ule ukumbi wa zamani wa klabu, wenye sakafu ya mbao na mapazia mekundu, uliojengwa na wazungu wa kwanza wa mgodi. Sista Benedikta, aliyemfundisha tangu shule ya misheni, ndiye aliyempigia piano. Wageni walitoka Dar es Salaam kuja kumsikiliza. Wakiridhika, anakwenda Ulaya kusomea kuimba. Akikwama, anarudi jikoni kwa mama yake na aibu yake, na mimi nitapita wapi?

Asubuhi aliniamkia vizuri, shikamoo, marahaba, halafu akasema, "Baba, leo usije na dawa."

"Dawa gani?"

"Ile ya ngoma. Iliyo kwenye mfuko wa koti."

"Koti hili halina mfuko."

"Sasa huo mkono umeuweka wapi?"

Mama yake alicheka mpaka akakaa chini. Nikasema haya, nimesikia. Nilikwenda nayo. Kila uwanja niliochezea, mzizi ule wa dawa niliufukia kwanza ardhini, ndipo nikafungua kinywa. Mtoto hanifundishi vita.

Ukumbini nilikaa na Masanja, karani wa mgodi, kijana wa jirani yetu. Nikatazama huku na huku.

"Wapinzani wako wapi?"

"Wapinzani gani, mzee?"

"Wanaoshindana na Kabula."

"Hakuna. Anaimba peke yake."

Nikaushika mzizi mfukoni. Ngoma isiyo na mpinzani sijawahi kuiona. Usipomwona, ujue kajificha, na anayejificha ndiye hufunga sauti za watu. Manju mwenzangu alifungwa hivyo hivyo, katikati ya wimbo, macho kafumba, kinywa wazi, hakitoki kitu. Hakuimba tena mpaka tunamzika.

Sista akaanza. Ile piano inadondoka tone moja moja, kama mtungi wenye ufa. Kabula akasimama kando yake na gauni jeupe, mikono mitupu, hana hata njuga. Akaimba maneno ya Kitaliano. Ndivyo Masanja alivyoninong'oneza.

Na watu kimya.

Hakuna kigelegele, hakuna bega lililotikisika. Wamekaa mikono mapajani kama wako msibani. Mimi ukumbi ukinyamaza hivyo mbele yangu ningevunja ngoma nikaenda zangu. Nilimtazama mwanangu nikaona anashindwa, na hajui kama anashindwa.

Halafu sauti ikaanza kupanda. Ikapanda, nikasema sasa itashuka, ikapanda tena. "Hiyo ndiyo soprano," Masanja akasema, kama vile ananionyesha gari jipya. Mimi sikuona gari. Niliona mtoto amepanda juu ya mti mahali ambapo matawi yamekwisha, na chini hakuna ngoma ya kumdaka.

Akafumba macho.

Nikasimama.

"Kaa, mzee, wimbo haujaisha!"

"Kaa wewe, unayetaka kushindwa ukiwa kwenye kiti."

Nilitoka na mzizi wangu mkononi. Nilikusudia kuzunguka ukumbi, nimkute huyo mpinzani alikojificha, na niufukie pale pale miguuni pake. Nikakunja kona ya nyuma. Nikawakuta.

Lilikuwa kundi zima, limejipanga madirishani. Wapishi wa klabu na aproni zao. Mlinzi na rungu lake. Wanawake, mizigo ya kuni wameitua chini. Mchungaji mmoja amejishika kichwa kwa mikono miwili, ng'ombe wake wanakula maua ya klabu.

"Ninyi ni kundi la nani?" nikauliza kwa ukali.

"Nyamaza, baba, tusikie," mwanamke mmoja akasema. Hata hakugeuka.

"Nauliza nani amewaleta!"

"Huyo huyo anayeimba. Mimi nilikuwa napita zangu na kuni."

Nikatazama migongo yao. Walikuwa wamezipa mgongo kuni, ng'ombe, na njia ya nyumbani. Katika maisha yangu yote nimevuta watu walioijia ngoma. Waliokuwa wanapita tu, sijawahi.

Mzizi sikuufukia. Nilisimama nyuma yao kwa ncha za vidole nimsikie mwanangu. Alipomaliza, ndani walipiga makofi ya adabu, nje wanawake wakapiga vigelegele mpaka vioo vikalia. Masanja anasema wageni waligeuka kutazama madirishani. Mmoja wao alimshika Kabula mkono, Sista akalia. Kabula ataondoka kwenda Ulaya kabla ya mvua.

Jioni aliniletea uji. Aliuona mzizi mezani.

"Kumbe hukuufukia."

"Ardhi ilikuwa ngumu."

Akacheka kidogo, akakaa karibu yangu. Kichwa changu kilikuwa huko aendako, ambako simjui mpinzani wala uwanja.

Leo waliomdaka ni wapita njia wa madirishani. Kesho nitakwenda kwa Sista, nimwulize jambo moja tu: huko Ulaya, na baridi yao ile, watu huwa wanafungua madirisha?