Mkwe Aliyelala Juu ya Mwizi

Mwaya, Kyela

Mama yangu Bi Mwanakombo,

Shikamoo. Goti lako limepata nafuu? Na yule mbuzi mwenye kiburi kama mimi, kashazaa? Mwanao ni mzima, ila uzima wenye viraka. Mkono wa kulia umefungwa plasta, meno mawili ya mbele yamehama, na barua hii naiandika kwa kushoto, ndiyo maana herufi zinayumba kama kuku walioshiba machicha ya pombe. Nasikia picha yangu imefika Muheza kabla yangu, niko chini navuja damu, na majirani wanasema Shabani kachapwa kwa wizi. Mama, mtu aliyefika Durban na Lubumbashi akarudi na viatu vyake, aje kuiba kakao? Simu yangu ilikanyagwa siku hiyohiyo. Basi soma, kisha wasomee na majirani hao.

Unajua nilikuja huku kuendesha gari la mradi wa yoga. Wageni wanatoka India na Ulaya, wanakaa na wenyeji. Wao wanafundisha kujinyoosha na kupumua, wenyeji wanawafundisha kupanda mpunga na kukausha kakao. Mimi ni dereva, mkalimani, na kwa maneno yangu mwenyewe mkurugenzi. Mwalimu wao ni Leela, binti wa Kihindi, mwembamba kama ufito, lakini akisimama kwa kichwa hata jogoo ananyamaza.

Rafiki yake mkubwa hapa ni Atupele, mke wa mtoto wa Mzee Ambakisye, ambaye uwanja wake ndio tunaoutumia. Walianza hawana lugha, wanachekeana tu. Sasa Leela anapika ndizi kwa kuni na Atupele anakunja miguu kama anakunja khanga. Tatizo mzee. Familia ile bado inashika mila ya zamani ya Kinyakyusa: mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawasemezani, hawasogeleani. Mzee akija hukohoa tangu mbali, na Atupele huacha kila kitu akakimbilia migombani. Leela jambo hilo lilimkera. Akaniambia nimwambie mwenzake kwamba huko ni kumdhalilisha mwanamke. Nikatafsiri, na Atupele akajibu, "Mwambie yeye anajikunja kila asubuhi, mimi nimemuuliza sababu?"

Asubuhi ile zoezi lilikuwa limefika mwisho, pale watu wanapolala chali kama maiti, taulo usoni. Nami nilikuwa nimelala, maana zoezi hilo nalijua kuliko mwalimu. Nikasikia kishindo migombani. Kuinua taulo, namwona mwanamume ana matope mpaka kiunoni. Akatazama huku na huku, akajitupa katikati yetu, akanyakua taulo akajifunika. Nyuma yake likaja yowe la mwizi. Atupele alikitambua kikohozi cha baba mkwe ndani ya yowe lile, akatoweka.

Huku kakao ndiyo ada ya shule, ndiyo bati, ndiyo dawa. Mwizi wa kakao akishikwa hapelekwi popote. Kabla ya hapo nilipita na gari penye mmoja, na viatu tu ndivyo vilivyonijulisha kuwa alikuwa mtu.

Wakatokea, mzee mbele na panga, wanaume nyuma yake na magongo. Wakakuta safu ya maiti. Wakasimama, mmoja akavua kofia. Ningecheka, Mama. Lakini matumbo yetu yalikuwa yanapanda taratibu, na la yule mgeni wa matope linadunda kama chura aliyeshikwa. Tena ananuka ule uchachu wa kakao iliyovundikwa. Gongo la kwanza lilitua palepale tumboni.

Walimpiga kama watu wanaopura mpunga. Nilisikia taya lake likivunjika, sauti sawa na muhogo mkavu. Leela akapiga kelele kwa lugha yao. Simba wa Muheza nikajirusha juu ya yule mwizi, nikalidaka gongo moja. La pili likanidaka mimi, na mkono ukaenda usikotaka kwenda. Teke likaondoka na meno yangu. Damu ilinijaa mdomoni hata nikashindwa kusema kwamba mimi ni mkurugenzi. Hapo ndipo mpuuzi mmoja akapiga picha.

Mzee akawaambia wampishe, kakao ni yake. Wakanivuta pembeni kwa mguu. Akainua panga.

Atupele akatoka migombani anakimbia, akamwangukia yule mwizi, kifua kwa kifua, chini kabisa ya panga la baba mkwe wake. Mzee aligeuka kama aliyemwagiwa maji ya moto. Akatupa mgongo, mkono ungali juu, panga likamponyoka nyuma yake. Kijana mmoja akajaribu kumvuta Atupele. Leela akamlalia rafiki yake mgongoni, na wageni wote wakamlalia Leela.

Mzee, uso migombani, akaniita mimi. "Mwambie mke wa mwanangu ainuke."

Mama, mkono umevunjika, jino liko kiganjani, nami natafsiri Kiswahili kwa Kiswahili.

"Mwambie sisimami mpaka polisi wafike."

"Mwambie huyo kaniibia."

"Mwambie kakao itazaa tena."

Mzee akaondoka bila kugeuka, na magongo yakamfuata, maana bila yeye hakuna aliyethubutu kumgusa mkwewe. Tukampakia mwizi kwenye bajaji, maana dereva wa gari hana mkono, mpaka hospitali ya Kyela mjini, polisi wakamkuta huko. Yu hai. Kesi inamngoja, na uji anaunywa kwa mrija.

Siku hizi mzee akikohoa, wa kwanza kukimbilia migombani ni Leela, na wageni wote nyuma yake. Jana mzee alikohoa, akasimama ametupa mgongo, akaniita.

"Mwambie mke wa mwanangu ndaga." Ndiyo asante ya huku.

Atupele, mle migombani, alikuwa karibu naye kuliko mimi, lakini kazi ni kazi, nikatafsiri.

"Mwambie nimesikia," akasema. "Na panga lake namenyea ndizi. Halirudi."

Nisalimie dada Mwajuma na mumewe fundi cherehani, mjomba Athumani wa msikitini, na shangazi aliyeniombolezea kabla sijafa. Jirani aliyeisambaza picha mpe salamu mbili, moja kwa kila jino.

Ni mimi mwanao, niliyepigwa bila kuiba,
Shabani