Siafu Wangepita

Baba Aika,

Usimwage tena mafuta ya taa! Siafu waliobaki waache, watapita wenyewe. Ndizi nimekufunikia jikoni. Kuku nimewapeleka kwa jirani yetu Epifania.

Alfajiri mama yako alisema tutoke nje wote, siafu wamalize panya waende zao. Wewe ukamwaga mafuta katikati ya msafara, wakatawanyika mpaka kitandani kwa mtoto. Shingo imemvimba. Nampeleka zahanati, kisha tunakwenda kwetu Old Moshi. ~~Jioni tutarudi.~~ Utakuja kutuchukua.

Lakini usiniletee mimi jani la isale la kuomba msamaha. Mpe kwanza mama yako. Aliwang'oa siafu mmoja mmoja shingoni mwa mjukuu wake, huku wewe bado unamfokea.

Mama Aika