Jeneza Lililorudi Hatua Kumi

Fundi wangu,

Amani ikufikie hapo ulipolala, chini ya mkorosho wa baba yako. Sikuandikii kukusifu. Waliokusifu ni wengi, tena wengine kwa kipaza sauti. Nakuandikia kwa sababu jana nilikwenda kwa mkeo kusema jambo, na tangu nilipotoka pale sijapata mtu wa kuzungumza naye ila wewe.

Nianze na habari za Kibiti. Studio bado ipo. Lile pazia lako lenye maporomoko ya maji nimelishusha, vijana wanasema la kizamani, siku hizi wanataka ukuta mweupe na taa ya duara. Kampeni zimepita. Waimbaji wa singeli waliletwa kutoka Dar, uwanja ukajaa, nami nikafanya kama ulivyonifundisha: picha ya umati ipigwe msanii akiwa anaimba, maana mheshimiwa akishika tu kipaza sauti, watu wanakwenda kununua mihogo ya kukaanga. Ilitoka nzuri. Walipoitangaza, ikaonekana watu wote wale walimfuata yeye. Ameshinda. Unamjua ni yupi. Ndiye aliyebeba jeneza lako.

Na hapo ndipo penye shida yangu.

Ulikuwa na kanuni moja, ukaniambia wiki yangu ya kwanza nilipokuja kujifunza kazi: "Mcheza ngoma usimwambie arudie, utamharibia. Mwanasiasa mwambie, atarudia mpaka jua lizame." Nilikuona Ruaruke ukichuchumaa ngomani tangu asubuhi, ukimngoja mama mmoja ainue mikono kama alivyoiinua mara ya kwanza. Hukuthubutu kumwomba. Nikakuona pia Kiongoroni baada ya mafuriko, tulipokwenda na boti ya msaada. Ulimwambia bibi mmoja arudishe blanketi alilopewa ili alipokee upya, kwa kuwa mheshimiwa alifumba macho pichani. Akarudisha. Ukamwambia tena. Mara ya tatu bibi akasema, "Mjukuu wangu, nishashukuru mara mbili, shukrani imekwisha." Ulicheka njia nzima, mpaka tukatoka kwenye mikoko. Nami nilicheka. Leo najiuliza tulikuwa tunacheka nini.

Hukuniambia maziko yako yangekuwa upande gani. Kwenye ngoma au kwenye siasa?

Wallahi siku ya maziko sikuja kupiga picha. Kamera ilikuwa begani kwa mazoea tu. Ni kamera yako, na sikutaka kuiacha peke yake studio. Jeneza likatoka uani, watu wakiitikia shahada, mara gari la mheshimiwa likasimama. Akashuka na kanzu mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani, wakampisha mbele, akaweka bega. Msaidizi wake akaninong'oneza, "Mbili tatu tu, kaka." Sikukataa, Fundi. Wewe uko juu ya mabega ya watu unakwenda kuzikwa, mimi natafuta mwanga.

Picha ya kwanza, mkono wa kanzu ya mtu ukamziba mheshimiwa uso. Ndipo mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa sauti yako, kwa lafudhi yako ya Kindengereko, maneno yale uliyoyasema mbele yangu miaka yote: "Rudini kidogo, tuipate tena."

Wakarudi! Mheshimiwa alikuwa wa kwanza kupiga hatua ya nyuma, na waliokuwa nyuma yake wangefanyaje? Shahada ikakatika. Sheikh akanitazama, na afadhali angenitukana. Ulirudi kinyumenyume kuelekea nyumbani kwako, hatua kumi, kisha ukaanza safari upya huku mheshimiwa ameinamisha kichwa vizuri. Nikaipata. Alipofika barabarani akamwachia mwingine bega, akapanda gari. Kaburini hakufika.

Picha hiyo ndiyo iliyoko stendi sasa, kwenye bango kubwa mbele ya mabasi ya Ikwiriri. Chini yake wameandika kwamba yuko nasi katika raha na shida. Wewe unaonekana kitambaa cha kijani cha jeneza tu, begani kwake. Na nikwambie jambo linalonichoma: nimepekua makasha yako yote nikitafuta picha yako, sikupata hata moja. Umepiga watu kuanzia Mloka mpaka baharini, mwenyewe hukusimama mbele ya kamera. Kwa hiyo picha yako ni ile. Nilimfuata msaidizi nikamwomba walishushe bango. Akacheka, akasema, "Picha kama hii haishushwi, kaka. Hii ndiyo iliyotupa kura."

Haya yote ningeyameza. Nimeshameza mengi katika kazi hii. Lakini Bi Mwajuma alikuwa dirishani.

Mkeo aliona jeneza likitoka, likafika kwenye mnazi ulio mbele ya nyumba, likarudi. Sababu hakuiona. Sisi wanaume tulioijua tuliona haya kumwambia. Basi yeye akapata sababu yake. Kila aliyekuja kumpa pole alimwambia, "Mume wangu aligeuka. Walishamfikisha kwenye mnazi, akarudi kuniaga, ndipo akaenda." Wanawake wanalia wakisikia. Nimekunywa chai barazani kwenu huku anayasema hayo kwa ndani, na nikaomba sukari.

Eda yake inakwisha Ijumaa. Safari yake ya kwanza ni Ikwiriri kwa dada yake, atapandia basi stendi, atainua macho. Nikaona heri ayasikie kwangu.

Nilikaa barazani, yeye ndani nyuma ya pazia, kama sheria inavyotaka. Nikamweleza yote, sikujipunguzia. Maisha yangu yote nasoma nyuso za watu, ndiyo kazi uliyonipa, na jana nilinyimwa uso. Nilichosikia ni tasbihi kuacha kugonga. Nikadhani ameinuka. Kisha akasema, taratibu tu:

"Hata hilo nalo mmelichukua?"

Mmelichukua. Hakusema mheshimiwa amelichukua, wala hakusema wewe Shabani umelichukua. Nimelipima neno hilo usiku kucha na sioni pa kujitoa. Wala wewe huna pa kujitoa, Fundi. Nina hasira nawe. Ulinifundisha kumheshimu mcheza ngoma na kumchezesha mwanasiasa, ukadhani mpaka uko wazi, ukasahau yule bibi wa Kiongoroni hakuwa mwanasiasa. Alikuwa mtu aliyepata blanketi. Pale ndipo nilipojifunza kuwarudisha watu nyuma, na sikujua kuacha hata ilipofika zamu yako.

Nakupenda, nisikufiche. Ndiyo maana inauma namna hii.

Sasa ahadi yangu. Alhamisi, mchana kweupe, stendi ikiwa imejaa, nitapanda ngazi na kulishusha bango lile kwa mkono wangu. Wanipeleke wanakotaka. Bi Mwajuma ameshajua, na najua kulishusha hakutamrudishia kitu, na wala sitegemei anisamehe. Lakini hatapita chini yake. Ile picha nimeshaifuta kwenye kamera yako. Nitaendelea na kazi, sina nyingine, ila ile kauli yako ya kuwarudisha watu haitatoka tena kinywani mwangu, kwa mkubwa wala kwa mdogo. Tukio likinipita, limenipita.

Ulipokuwa unakwenda zako nilikurudisha hatua kumi, kwa ajili ya uso wa mtu ambaye hata kaburini hakufika. Nenda, Fundi wangu. Safari hii sikwambii urudi.

Shabani wako