Chumba cha Baba Mdogo

Ifakara, Ijumaa

Mama Mdogo Serafina, shikamoo.

Mchele umefika. Wauguzi wenzangu wameumaliza kwa siku moja, sasa wanauliza njia ya kuja huko kwako Mofu.

Unisamehe kwa kukufokea Jumanne kwenye simu, eti fungua mlango upesi. Nilikuwa nimetoka mbio darasani. Tunafundishwa kuhudumia wenye uraibu wa pombe, na mkufunzi alikuwa ametuambia kwamba mtu aliyekunywa miaka mingi akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na degedege, hata kufa. Nikamkumbuka Baba Mdogo, uliyemfungia chumbani ili aache gongo. Ukoo mzima tulikuwa tumekupongeza!

Sasa yuko wodini kwetu, anapewa dawa. Mikono haitetemeki sana. Leo amemaliza uji, kisha akalalamika mbele ya daktari kwamba hauna sukari. Nilitoka nje nikacheka mpaka machozi.

Wewe usilie tena. Anajua ulimfungia kwa sababu unampenda. Amenituma nikwambie kwamba akirudi, mlango uuache wazi. Atakaa ndani mwenyewe.

Mwanao,
Justa