Mjusi wa Kichwani Mwangu

Mururu, Rusizi
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Shikamoo, na shikamoo nyingine za wajukuu zako. Goti linaendeleaje? Na yule jogoo wako mkorofi, bado anamfukuza mwalimu wa madrasa? Sisi huku wazima, na mara hii nikisema wazima niamini. Ningekupigia simu, lakini kila nikipiga unaanza kulia, nami nafuata, salio linaisha hatujasema neno. Basi namwomba Baba Mdogo akusomee polepole, asiruke mahali.

Mama, sipasuliwi. Nimelitanguliza hilo ili ushushe pumzi.

Tangu nikuambie habari ya ile picha iliyoonyesha uvimbe chini ya ubongo, karibu na mishipa ya macho, usingizi ulinihama. Fundi cherehani bila macho ni nani? Hilo lilinitisha kuliko kifo chenyewe, kwamba siku moja nitashika sindano nisilione tundu lake. Wiki mbili zilizopita tukaenda Kigali kwa daktari bingwa, mimi na Baba Issa. Watoto nilimwachia mama mkwe. Gauni la bibi harusi wa Nyakarenzo nililimaliza kabla ya siku yake, maana nilijua sitarudi na kichwa nilichoondoka nacho.

Daktari ni mama wa makamo, mpole. Akatuonyesha kifuko kidogo cha majimaji, kama punje ya njegere, kimekaa jirani na tezi inayoziamrisha tezi nyingine za mwili. Si saratani. Damu imepimwa, tezi inafanya kazi yake. Macho nayo yamepimwa, kifuko hakijagusa mishipa yake. Akasema wapo watu wengi wenye kifuko kama hicho, na wanazeeka nacho bila kujua.

Baba Issa hakuridhika. Unamjua mkweo. Akaweka kofia magotini akasema, "Docteur, nyoka akiingia mu nyumba, unamuchunga ao unamuua? Mutoshe tu hiyo kintu!" Alitaka kitolewe.

Daktari akacheka. "Papa, huyu haiko nyoka. Ni mujusi wa ku ukuta. Ukimupiga na panga, utabomoa ukuta, na yeye hakukukosea kitu."

Ndipo akatueleza. Upasuaji hupitia puani, na unaweza kuijeruhi tezi yenyewe, nikabaki mtu wa kumeza vidonge maisha yangu yote. Kwa sasa kifuko kitachungwa, yaani kitaangaliwa tu: baada ya miezi sita picha nyingine, na macho na damu vipimwe tena. Kikikua, au nikianza kutoona vya pembeni, au nikishikwa na kiu isiyokatika, hapo upasuaji utazungumzwa upya. Nikamuuliza, "Na nikingoja, nikapofuka?" Akanishika mkono. Akasema kipimo cha macho kitaonyesha dalili mapema, na nikiona badiliko lolote nije siku hiyohiyo, nisingoje miadi. "Uamuzi ni wako, Maman."

Nikaitazama tena ile punje ya njegere kwenye picha. Kisha nikasema, "Tumuchunge." Nilitoka pale mwepesi, nikala mishikaki ya stendi mpaka Baba Issa akaona haya. Na yale maumivu ya kichwa, Mama? Kumbe nilihitaji miwani! Miaka yote nashona kwa kukunja uso.

Sasa sikia kituko. Mama mkwe hajawahi kusikia mtu aliyeitwa kwa daktari mkubwa Kigali akarudi bila nyuzi. Basi liliposimama chini ya kilima chetu, tukawakuta wanaume wa mtaa na ingobyi, machela ya kusuka wanayobebea wagonjwa kwenye miteremko huku. Mama mkwe yuko mbele, mwavuli mkononi, kilio kimeshaanza. Nikashuka kwa miguu yangu, miwani usoni, mkoba kichwani. Kilio kikakatika.

"Maman Issa! Habakukupasula?"

"Hapana, Maman. Banasema tukichunge."

Mzee anayewaongoza wabebaji akachukia. "Tuliacha mashamba yetu! Ingobyi haitapanda mulima bure. Muntu mumoja atapanda!"

Mwishowe akapakiwa mama mkwe mwenyewe, hoi kwa kulia, mwavuli umefunguliwa juu yake, na wanaume wakapanda naye wakiimba nyimbo za harusi. Mimi nilifuata nyuma nikicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Baba Issa akawasimulia neno la daktari, na tangu siku hiyo jirani akinisalimu anauliza kwanza, "Mujusi anasemaka nini?" Namjibu, "Analala."

Sikufichi, alfajiri nyingine naamka na hofu. Natazama mbele tu, bila kugeuza shingo, nione kama mlango na dirisha, kila kimoja upande wake, vyote vipo. Nikiviona, nasema alhamdulillahi na kwenda kuwasha moto. Nina furaha, Mama. Sijui niseme vipi zaidi ya hivyo.

Nisalimie shangazi wa mandazi, kaka yangu na nyavu zake, na dada mdogo, mwambie sare yake naishona. Mama mkwe anakusalimu sana, ingawa hataki niandike habari za ingobyi.

Nasikia umeshafunga mzigo wa kuja kuniuguza, umejaza khanga kuukuu. Mama, mzigo usiuvunje. Toa khanga hizo tu, mahali pake tia samaki wetu wale, migebuka mikavu, na lile gauni lako la sikukuu. Uje hivyohivyo, nikuone vizuri.

Mwanao,
Zuhura