Makofi ya Mama Evarista Ambayo Hatukuyapokea

Mwaka umetimia, Mama, tangu Jumanne ile ulipoinama kwenye tuta la vitunguu, ukakaa chini, usiinuke tena. Hapa Ruaha Mbuyuni watu wamelima na kuvuna bila wewe. Wengine huandika kumbukumbu wakiwa na amani moyoni. Sisi tunaandika kwa sababu tulikuficha jambo, nawe ukaondoka hujalijua.

Hukuwa na cheo kigangoni. Ulikuwa na sauti tu. Ibada ikiisha na mnada wa matoleo ukianza pale nje, wewe ndiye uliyesimama kuwashukuru watoaji, kila mmoja kwa jina lake. Bibi Veronika alipoleta yai moja na watu wakaanza kucheka chini chini, uliwakatiza: "Makofi ya kilo kwa Bibi Veronika! Kuku wake kaamka kabla ya katekista!" Bibi alicheka mpaka akashika kiuno.

Peter wa Ilomba, yule anayekuja na lori kutoka Mbeya kununua vitunguu, alipotoa mabati ya paa alipata makofi yale yale, hayakuzidi hata moja.

"Shemeji Peter, umetuharibia," ulimwambia. "Sasa mvua ikinyesha hatuna tena sababu ya kukatisha mahubiri."

"Basi niyarudishe Mbeya?"

"Jaribu uone!"

Mtoaji akikosekana, ulidai ndugu yake asimame, ayapokee makofi na kuyapeleka nyumbani. Akifika mlangoni aseme, "Umeshukuriwa," kisha ayapige upya. Desturi hiyo uliianzisha wewe. Ulisema mtu aliyetoa asilale hajui kama alichotoa kilipokelewa.

Nawe ulitoa. Kila mavuno ulipeleka vitunguu, na kiangazi chote cha ujenzi wa kanisa ulibeba maji ya matofali kutoka mtoni, ukirudi shingo imekaza hata kugeuka huwezi. Hakuna aliyekupigia makofi, maana aliyewapigisha watu makofi ulikuwa wewe.

Kisha ikaja sherehe ya kuwashukuru wafadhili wa kanisa. Mahema, meza kuu, soda. Wewe wakakupanga jikoni. Mwanao Amos, ambaye hasira zake unazijua, alikufuata kwenye mafiga.

"Mama, acha hayo masufuria, njoo ukae mbele."

"Na wali utajipakua, baba?"

"Uungue!"

"Uungue, na watu wametoka Mbeya na njaa zao? Hebu nenda huko, unanizibia upepo wa moto."

Amos alirudi amefura, akakaa katikati yetu. Katekista Silvester alikuwa anasoma orodha. Akafika hapa: "Evarista, mke wa Faustin. Vitunguu, na maji ya matofali yote ya kanisa hili." Akainua macho. "Yupo? Kuna wa kumpokelea?"

Baba alianza kuinuka. Amos akamshika mkono wa koti. "Asisimame mtu. Wamempeleka jikoni wenyewe, wamfuate huko huko." Dada zake, Anjela na Prisca, wakatazama chini. Tukabaki tumekaa. Tulidhani tunakupigania. Katekista alisubiri, akatutazama, akasubiri tena. Mwisho akasema, "Haya, tuendelee," na makofi yakaenda kwa jina lililofuata.

Jioni ulirudi unanuka moshi, miguu imevimba. Ukauliza huku unavua viatu, kama mtu anayeuliza kama kuna maji ya kuoga: "Hivi, na mimi walinitaja?"

Tukaangaliana. Tungesema ndiyo, ungeuliza ni nani aliyekupokelea. Amos akajibu, "Hapana, Mama. Hawakukutaja." Sisi wengine tukanyamaza, na kunyamaza kwetu kukawa uongo ule ule.

"Haya," ukasema. "Watu walikuwa wengi."

Hukulalamika. Jumapili iliyofuata ulisimama tena mnadani ukawapigisha watu makofi kwa ajili ya kikapu cha nyanya cha mtu mwingine, sauti imekukauka. Tulikuwa tunakutazama. Njiani tukakubaliana kwamba tutakwambia vitunguu vikishauzwa, moyo wako ukiwa umetulia. Zilikuwa zimebaki siku tisa, nasi hatukujua.

Ulitajwa, Mama. Jina lako lilisomwa kwa sauti mbele ya meza kuu na mahema yote, na maji yako yakatajwa pia. Kanisa halikukusahau. Tuliokunyima asante yako ni sisi wa nyumbani kwako, uliotulea, uliotufundisha kusimama.

Tumekwenda kwa padre tukaungama. Alisema Mungu ametusamehe, na tunaamini. Lakini aliyeuliza jioni ile ni wewe.

Misa ya kukuombea itakuwa Jumamosi hii, saa nne asubuhi, kigangoni kwetu. Ndugu, jamaa na marafiki wote wanakaribishwa. Katekista amekubali kulisoma tena jina lako, na safari hii tutasimama wote. Baada ya hapo tutarudi nyumbani, na hatutamkuta mtu wa kumwambia, "Umeshukuriwa."

Unakumbukwa na mumeo Faustin. Wanao Anjela, Amos na Prisca. Dada yako Regina wa Chimala. Bibi Veronika, Peter wa Ilomba, na wote uliowashukuru kwa majina yao.

Siku zote tutakazoishi tutakukumbuka, Mama.