Unene wa Bomba Namba Saba

Jumatatu, 2 Juni
Yadini hapa Kitale tangu saa mbili. Mabomba yaliyotumika, yanaenda bohari ya dizeli Bungoma. Nakwangua kutu, nabandika mashine ya kupima unene, naandika. Katalogi inasema milimita saba. Namba saba imebaki tano na nusu, imeliwa kwa ndani. Nimelipiga namba kwa rangi nyekundu. Vipimo vyote viko kwenye daftari langu. Mgongo unauma.

Jumanne, 3 Juni
Bosi amempa Barasa kazi ya kusanifu bomba la Bungoma. Barasa! Miaka mitatu ofisini. Mimi kumi na moja. Ati damu changa. Mimi nitakuwa mkaguzi, yaani natia sahihi chini ya jina lake. Nimepiga makofi na wengine. Nyumbani Tuwan nimekata sukuma wiki kwa hasira hadi nikajikata kidole.

Ijumaa, 6 Juni
Barasa ameniandikia kwa simu: "Dada Wanjiru, unene nitumie ule wa katalogi, sivyo?" Daftari lilikuwa mbele yangu. Nikamtumia alama ya dole gumba. Nilitaka tu aniondokee.

Jumatatu, 9 Juni
Ameleta hesabu za bomba. Kurasa kumi na nne, safi hadi zinaudhi. Nimetia sahihi bila kusoma. Sitaki kuona alivyo hodari.

Jumatano, 16 Julai
Bungoma. Bomba limeshakaa juu ya nguzo zake. Getini Barasa hakuweka nguzo ya katikati, ili malori yapite. Mwenye bohari amemkumbatia. Bosi akasema, "Hivi ndivyo kazi hufanywa, bana." Nilimeza soda kama dawa. Juu ya geti nikaona rangi yangu nyekundu. Namba saba. Jumatatu wanaingiza dizeli.

Alhamisi, 17 Julai
Hatimaye nimesoma zile kurasa. Nilikuwa natafuta kosa, nisijidanganye. Bomba likijaa mafuta, uzito unalivuta katikati lipinde, na kanuni za usanifu zimeweka kikomo cha mkazo huo. Barasa yuko chini ya kikomo, kidogo tu. Nikaweka unene wangu, ule wa kweli. Mkazo ukavuka. Nimerudia mara tatu. Unavuka.

Nilifurahi. Nasema hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Nilifurahi sana. Halafu nikaona sahihi yangu chini ya ukurasa.

Ijumaa, 18 Julai
Nimenyamaza siku nzima. Likipinda, ataaibika yeye. Mimi nitasema aliniletea hivyo. Maneno nimeshayapanga.

Jioni Barasa ametuma picha. Mama wa chai wa pale bohari amehamishia jiko lake getini, chini ya bomba lenyewe, madereva wamemzunguka na vikombe. "Bomba letu lina wateja tayari, dada." Letu! Chakula kimenishinda.

Jumamosi, 19 Julai
Nimempigia. Nimesema yote: daftari, dole gumba, sahihi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha: "Si ungeniambia tu, dada." Basi. Afadhali angenitukana.

Jumatatu, 21 Julai
Mkutano. Nilikuja nikijua nafutwa kazi. Barasa akasimama kabla yangu. "Kosa ni langu. Sikuenda yadini kujionea mwenyewe." Jina langu hakulitaja. Dizeli imesimamishwa, geti litapanuliwa, nguzo itasimama katikati. Mama wa chai ameambiwa ahame kwa sasa.

Na bosi akamsifu! Ati ndiye kijana mkweli kuliko wote ofisini. Nilikaa pale nikimwonea wivu. Hata kosa langu limempandisha. Nafasi ya kusema nilikuwa nayo. Sikusimama. Najichukia.

Ijumaa, 25 Julai
Hesabu mpya. Barasa amezileta mezani kwangu, akaweka na chapati mbili kwenye karatasi. Ukurasa wa kwanza: "Vipimo vya unene: Wanjiru."

Nimesoma kila mstari. Nimetafuta kosa kutoka asubuhi hadi saa tisa. Hakuna. Kazi nzuri, na bado inaniuma.

Nimetia sahihi. Chini yake nimeandika kwa kalamu: "Unene huu niliupima tarehe 2 Juni. Barasa aliponiuliza, nilimficha." Faili nimempelekea bosi mwenyewe. Hakuwepo. Nimeliweka juu ya kiti chake, si mezani, asije akalipita.

Chapati nimekula moja. Mvua imeanza. Ngoja nianue nguo.